Mwalimu na Miji Yake Minne

Mwalimu hakuwaita watoto wake kwa majina. Majina walikuwa nayo, mazuri tu, ya ubatizo, lakini miaka yote niliyomjua sikumsikia akiyatumia. Aliwaita kwa mahali walipokaa. Simu ikilia anatazama kioo, anatangaza sebuleni, "Edmonton huyo." Au, "Nairobi ana jambo, si kawaida yake kupiga asubuhi." Binti aliyekuwa akikaa naye hapa mtaa wa Crescent Town, aliyempikia na kumfulia, yeye alikuwa Toronto. "Toronto, chumvi iko wapi?" Siku ya kwanza kusikia hivyo nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Aliniuliza nimetoka wapi, nikasema Kigoma, basi nikawa Kigoma, na mpaka leo kuna watu katika jengo letu wanaodhani hilo ndilo jina langu.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo sikuuliza. Mzee aliyekimbia vita ukimwanzishia habari za kuzaliwa kwake hutoki hapo siku nzima, na mimi nilikuwa na zamu zangu za kutunza wagonjwa majumbani. Nilichojua ni kwamba alifundisha historia Uvira, katika sekondari ya mapadri, akavuka ziwa vita vilipochacha, akafika Toronto miaka ya elfu mbili ikianza. Mengine niliyaona kwa macho yangu, maana milango yetu ilitazamana.

Alitaka kitu kimoja tu duniani. Watoto wake wanne, ambao vita viliwarusha kila mmoja kona yake, wabaki nyumba moja. Si kutumiana salamu za Krismasi, hapana. Nyumba moja yenye kichwa kimoja, na kichwa chenyewe awe yeye. Mkubwa, Uvira, alikuwa amebaki kwenye ua wa familia. Nairobi alikuwa na duka la vitenge. Edmonton alifanya kazi kiwanda cha nyama. Toronto, kitinda mimba, alikuwa anapanga vifurushi kwenye ghala huko karibu na uwanja wa ndege. Jamani, hata kuwapata wote hewani saa moja tu ilikuwa kazi. Mwalimu hakuona tabu yoyote. Alikuwa amefundisha somo hilo maisha yake yote.

Somo lenyewe lilikuwa makabaila wa Ulaya wa zama za kati. Si vita vyao wala nguo zao za chuma, hivyo aliviita vitu vya watoto. Yeye alipenda kufundisha walivyotawala. Kulikuwa na koo, alisema, zilizokuwa na shamba huku, mji kule, ngome ng'ambo ya milima, na katikati ni ardhi za watu wengine, lugha nyingine, sheria nyingine. "Hawakuwa na simu, Kigoma. Barabara zao matope. Na bado walishika, baba mpaka mjukuu. Walishika kwa nini?"

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa makalio."

"Papa!" Toronto alifoka kutoka jikoni.

"Kwa makalio juu ya farasi," akaendelea bila kumjali. "Bwana hakai mahali pamoja. Anakula mavuno ya hapa, yakipungua anafunga kitanda chake, mapazia yake, masufuria yake, anahamia ngome nyingine. Watu wanamwona. Anasikiliza mashauri yao, anakata, anaondoka. Mji ukikaa miaka bila kuuona uso wa bwana wake, unaanza kujiuliza bwana ni wa nini."

Ndiyo maana kila kiangazi alikwenda Edmonton, huko magharibi ya Kanada. Kwa basi! Mwanawe alitaka kumkatia tiketi ya ndege akakataa, kwa sababu ndege haimpitishi mtu katika nchi. Alisafiri mchana na usiku akiwa amekaa wima, na shuka zake, na mto wake, na sufuria yake ya bugali, ndio ugali kwao, iliyofungwa kwa kamba. Akifika anaketi kwenye kochi la sebuleni na kuwaambia walete mashauri. Mkewe Edmonton, Mrundi mmoja mpole sana, alinipigia simu akinong'ona. "Dada, baba mkwe anasema tulete mashauri. Mashauri gani? Sisi hatujagombana." Haikupita wiki wakagombana, tena kwa ajili ya ile ile sufuria, na Mwalimu akakata shauri kwa furaha kubwa. Alirudi amenenepa.

Kule Nairobi Mwalimu alifika mara moja tu. Kule Uvira hakufika kamwe. Kile kitabu cha safari wanachopewa wakimbizi kinakuruhusu kwenda karibu kila nchi isipokuwa ile uliyoikimbia, na Uvira ndiyo ilikuwa ngome yenyewe, mahali pote pengine ni matawi. Baadaye alipata uraia na pasipoti ya kweli, tukapiga vigelegele hapa korido nzima. Lakini sukari ilikuwa imeshamshika miguu, na daktari akakataa kata kata. Mwalimu aliiweka pasipoti ile juu ya televisheni, ikafunikwa na kitambaa cha kufumwa, na hakuna aliyeitaja tena.

Mke wake alibaki kule Uvira. Hili nilisimuliwa na Toronto, Mwalimu mwenyewe alilisema mara moja tu. Walipokimbia, bibi alibaki uani na mtoto mkubwa ili nyumba isichukuliwe, kwa sababu bwana akiwa mbali, bibi ndiye anayefunga lango. Hivyo ndivyo walivyofanya wale wa zamani, na wanawake wengine walishika ngome miaka, wakaongoza watu, wakapokea mashauri. Bibi naye alishika. Askari wa kila aina walipita pale na nyumba haikuchukuliwa. Kisha akaugua, akafa, kabla makaratasi ya kumleta hayajatoka.

Siku ya mazishi nilikuwepo hapa kwa Mwalimu. Wakati huo tulipiga simu za nje kwa kadi za kukwangua. Uvira alikuwa ameshika simu juu, kaburini, ili baba asikie nyimbo. Mwalimu alikaa kitandani amevaa suti, kipokea sauti sikioni, anaimba nao. Katikati ya wimbo kadi ikaisha. Toronto alishuka mbio na kandambili kwenda dukani Danforth kununua nyingine, theluji imejaa, sisi tukamngoja. Alipopata laini, watu walikuwa wameshatawanyika, na Uvira akasema, "Papa, tumemaliza." Mwalimu akajibu, "Asante, umefanya vizuri." Nilitamani kulia nikashindwa hata kulia, maana yeye alikuwa ametulia tuli.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni, la. Alikuwa mkorofi na mcheshi, na mwenye majivuno ya kuudhi. Nikimwamkia shikamoo, salamu ambayo kwao haitumiki sana, aliitikia "marahaba" kwa sauti nene ya kifalme, kisha anageuka kumtazama Toronto ili aone kama amesikia jinsi watu wenye adabu wanavyoishi. Alikataa kula samaki wa barafu kutoka maduka ya Wabangladeshi, na Toronto akimpikia bila kumwambia, alikula wawili. Kuna jumba hapa mjini ambalo tajiri mmoja alilijenga kwa umbo la ngome, na wageni hulipa kiingilio kulitazama. Tulimpeleka, tukidhani atafurahi. Alivaa tai. Alipofika mlangoni alimuuliza mhudumu kwa Kiingereza chake cha shule, ngome hii ilitawala vijiji gani? Yule kijana akacheka, akasema haikutawala kijiji chochote, ilikuwa nyumba tu. Mwalimu akaketi kwenye benchi la nje mpaka tulipomaliza kuzunguka. "Ngome isiyo na ardhi ni stoo ya samani," alituambia kwenye treni, mbele za watu.

Na huyu aliyehubiri umoja alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, aliyekaa St. James Town, treni moja tu kutoka hapa, hawasemezani. Waligombana harusini, nani akae meza ya mbele. Nilipomuuliza kwa nini wasipatane, alinitazama kama niliyemtukana. "Koo zote kubwa zilikuwa na tawi lililoasi," alisema. Loo, mtu huyo! Alikuwa na jibu la kila kitu kutoka miaka mia saba iliyopita.

Ndoa nazo zilikuwa za kutawala. Alikuwa amempangia Nairobi kijana wa familia inayojulikana, kutoka Bukavu, ili ua wa Uvira upate jirani wa kuaminika upande wa kaskazini. Nairobi akaolewa na Mkamba wa Machakos, muuza vipuri vya magari. Tulijua siku hiyo nyumba itawaka moto. Mwalimu alikunywa chai asubuhi nzima, mwishowe akasema, "Bon, vyema. Tumeongeza jimbo." Kuanzia hapo akaanza kufuatilia habari za mvua za Machakos.

Aliyoshindwa wazi wazi ni ya wajukuu. Makabaila, alituambia, waliwapeleka watoto wao wakue katika nyumba za ndugu na marafiki, ili kesho wakutane wakiwa wanajuana. Kwa hiyo likizo moja aliagiza binti wa Edmonton aje huku. Yule binti alipofika alijifungia bafuni. Mwalimu alisimama mlangoni na fimbo yake, akamweleza kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwa utaratibu, mila ile ilianzaje na ilileta faida gani, na mabwana wangapi wakubwa walikua mbali na mama zao. Mtoto alimwacha amalize. Kisha tukasikia kutoka ndani, "Babu, I don't care." Toronto na mimi tulikimbilia jikoni tukaziba midomo kwa vitambaa vya sahani. Mtoto alirudishwa kwao kabla wiki haijaisha.

Lakini kilichomponza hakikuwa hayo. Kilichomponza ni viapo.

Jambo hili alinieleza mwenyewe, kwa fahari. Mwenye ardhi zilizotawanyika hawezi kuwa na neno moja kwa wote. Kila mji una lango lake, na bwana akifika langoni anakula kiapo cha mji huo kabla hajafunguliwa. Hapa anaapa kwamba soko lao halitaguswa. Pale anaapa kwamba hataleta hakimu mgeni. Kwingine anaapa kitu kingine.

"Na ahadi zikigongana?" nilimuuliza.

"Hazigongani, Kigoma. Watu wa mji huu hawapandi mlima kwenda kuwauliza wa mji ule."

Jumapili baada ya ibada alikuwa anaingia chumbani, anafunga mlango, anampigia kila mtoto peke yake. Sisi tukiwa sebuleni tulidhani anawauliza hali. Kumbe alikuwa anakula viapo. Uvira aliapiwa kwamba baba atazikwa pale uani, karibu na mama. Nairobi hakuwa na ndugu hata mmoja mjini ule, na wakwe walikuwa wanamsema kwamba hana kwao. Aliahidiwa kwamba kaburi la baba litakuwa kwake, wakwe wamwone kuwa ni mtu mwenye mizizi. Edmonton alikuwa amezika mtoto mchanga, mvulana, ardhi ya kule ikiwa imeganda, na Mwalimu alimwambia, "Hatalala peke yake, nitakuja nilale naye." Toronto aliambiwa, "Wewe ndiye umenitunza, sitoki hapa."

Wala hakuwa anadanganya, hapo ndipo kichwa huniuma nikifikiria. Kila alipomwahidi mmoja, alitaka iwe hivyo kweli kweli.

Basi zikaja simu za kisasa, na Toronto akafungua grupu la familia. Akaliita Nyumba Moja, akawatia wote. Furaha ya Mwalimu haikuwa na kifani. Alibisha mlango wangu asubuhi na pajama, simu mkononi. "Baraza! Wale hawakuwahi kuwa na hili! Wangekuwa nalo wasingeanguka!" Alituma hotuba za asubuhi, aya baada ya aya. Watoto walijibu kwa vipicha vya mikono iliyounganishwa ya sala.

Jumamosi moja Uvira akatuma picha. Kaburi la mama lilikuwa limesakafiwa saruji mpya, na kando yake pamepimwa mahali, pamewekewa matofali ya mpaka. Akaandika, "Nafasi ya Papa iko tayari." Nilikuwa nimekuja kunywa chai. Toronto alikuwa anakanda unga wa maandazi, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, nikaona mikono yake inasimama. Edmonton akaandika, "Nafasi gani? Papa atalala huku na mtoto, aliniambia mwenyewe." Nairobi akatuma sauti, tena ndefu, na ndani yake alikuwa anamuuliza Uvira anapata wapi ruhusa ya kupima kaburi la mtu aliye hai. Toronto akanawa unga, polepole, akaandika neno moja, "Papa?"

Wote wanne walikuwa wanamngoja. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, simu magotini. Alikuwa na njia nyingi za kutoka pale. Angesema mimi mzee, nimesahau. Angesema tutaongea. Angelia hata. Yeye alivaa miwani na kufundisha.

Aliwaandikia kwamba hakuna cha kugombania. Zamani hizo, bwana mwenye miji mingi aliweza kuzikwa sehemu zaidi ya moja. Moyo ulitolewa ukazikwa katika kanisa la mji mmoja, matumbo mji mwingine, mifupa kwingine, na kila mji ukapata chake na kukaa kwa amani. Alinisomea kwa sauti kabla ya kutuma, akitaka nimsifu jinsi alivyoipanga.

"Mwalimu, usitume," nilimwambia. "Tafadhali, usitume hiyo."

"Kwa nini? Ni historia."

Akatuma.

Kwa mtu mwingine ingekuwa kioja cha mzee. Lakini Uvira alikuwa amebaki kule vita vyote. Aliyoyaona njiani na mashambani hakuwahi kuyasimulia, ila tulijua alikuwa miongoni mwa vijana waliotumwa kuokota watu, na si wote waliowakuta wazima mwili. Na sasa baba yake mzazi, aliyevuka ziwa akamwacha, anamwandikia akatwekatwe, kila mmoja apewe kipande. Uvira hakutukana. Hakuandika chochote. Yakatokea tu yale maandishi madogo ya kijivu kwamba ametoka kwenye grupu. Nairobi alilia kwenye sauti mpaka maneno hayasikiki. Edmonton akaandika, "Papa, mwanangu si mchezo." Toronto aliingia chumbani, akauacha unga wa maandazi mezani.

Mwalimu alinigeukia. "Wamekasirika?" Nilimmiminia chai, ikapoa.

Baada ya hapo, kimya. Alipiga simu, zikapokelewa, akaulizwa sukari ikoje, zikakatwa. Kila asubuhi aliandika kwenye grupu lile, "Amani kwenu, miji yangu," na alama zikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa, na hakuna aliyeitikia, hata Toronto aliyekuwa chumba cha pili. Mwili nao ukaanza kumwacha. Alianguka bafuni, akaanguka tena, mkono wa kulia ukawa mzito. Zamu za Toronto zilikuwa ndefu, basi mimi nikitoka kazini nilipitia kukaa naye. Nimetunza wazee wengi wa watu, wa Don Mills wenye nyumba kubwa, wa kila aina, na najua la kufanya mguu ukivimba. Kwa hili la Mwalimu sikujua la kufanya. Nilimkata kucha, nikampikia uji.

Ndipo Toronto akaniingiza kwenye grupu jipya. Alisema ni kwa ajili ya dawa na miadi ya daktari, ili wenzake wapate habari moja kwa moja kutoka kwangu. Liliitwa Mambo ya Papa. Nilipolifungua nilikaa chini.

Walikuwemo wote wanne. Uvira alikuwemo! Walikuwa wameshaelewana kuhusu mazishi, kwa sentensi chache tu. Yatakuwa hapa hapa, kwa unyenyekevu, na Uvira mwenyewe ndiye aliyesema sawa kwanza. Hayo yalipokwisha hawakuacha kuongea. Picha za watoto, mapishi, malalamiko ya mabosi, Edmonton akimtania Nairobi mumewe ananenepa, Nairobi akimwimbia Uvira siku yake ya kuzaliwa kwa sauti mbaya kabisa. Mchana na usiku wanacheka. Walikuwa nyumba moja. Kile alichokililia mzee yule miaka yote kilikuwa ndani ya mkoba wangu kinatetema, naye ameketi mbele yangu anaangalia grupu lililokufa. Baba ndiye hakuwemo, na walikuwa wameelewana asiwemo.

Alasiri moja ya Novemba, mvua ya baridi inapiga dirisha, aliniuliza bila kugeuka. "Kigoma, wale wameachana?"

"Hawajaachana, Mwalimu."

"Unajuaje?"

"Wanaongea."

"Wanaongea wapi?"

Hakuwa mjinga, alinisoma usoni. "Wana baraza lingine," alisema. Nikaitikia kwa kichwa. "Uvira yumo?"

"Yumo."

Alifumba macho. Nilidhani atakasirika, nikajiandaa. Aliponiuliza tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Wanacheka?"

Mungu wangu, ningefanyaje? Nilitoa simu nikamsomea. Niliruka yaliyomhusu, nikachagua ya siku ile. Edmonton alikuwa amepika bugali wa wageni ukaungua, akawaambia ndivyo unavyoliwa kwao. Nairobi akamwambia auhifadhi, utumwe Uvira ukazibe paa. Uvira akajibu, "Uleteni upesi, mvua inatunyea." Mwalimu alicheka. Alicheka mpaka machozi, anapiga goti kwa mkono ule mzima, "Huyo ni Nairobi kabisa! Huyo ni mama yake!" Sikuwa nimemwona hivyo tangu zamani. Mimi nikacheka naye, nikafuta machozi yake na yangu, na nikiwa nafuta sikuona kwamba ameshika simu yake. Aliandika kwa kidole kimoja kwenye grupu lake, akatuma. "Edmonton, punguza moto."

Simu yangu ikatetema. "Nani anamsomea Papa?" Edmonton aliuliza kule Mambo ya Papa. Jioni nilipofungua, nilikuwa nimeshaondolewa. Toronto alikuja mlangoni kwangu na chupa ya chai, akasema, "Dada, usinielewe vibaya. Ni mambo ya ndani ya familia." Sikumlaumu. Huyu binti ndiye aliyekuwa anamwinua baba yake kitandani kila alfajiri.

Kesho yake nilimkuta Mwalimu amenyolewa ndevu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alikuwa ameshavuta kiti changu karibu na chake.

"Haya, Kigoma. Wanasemaje leo?"

Nilifungua simu. Kulikuwa na ujumbe wa kanisani na tangazo la duka. Nikamwambia mtoto wa Nairobi ameota jino.

"Juu au chini?"

"Chini."

"Na Uvira amesemaje?"

"Amesema anafanana na wewe."

Alitikisa kichwa, akafikiri. Akanyoosha mgongo wake kwenye kiti. "Waambie waje. Nimwone huyo mtoto. Waje wote, na Uvira. Waambie Papa amesema."

Niliandika mahali pasipokwenda popote. Alikuwa ananitazama kidole.

"Wamejibu?"

"Wamejibu, Mwalimu. Wanasema wanakuja."

"Wote?"

"Wote."

Basi akaniomba nimshike asimame. Tukazunguka nyumba polepole, yeye na fimbo, akionyesha nani atalala wapi. Edmonton na mkewe sebuleni, wamezoea baridi. Nairobi na mtoto chumbani kwa Toronto. Uvira alale kwenye kitanda cha Mwalimu, kwa sababu ndiye anayetoka mbali zaidi, na yeye mwenyewe kiti kitamtosha. Aliniuliza kama shuka zipo. Nikamwambia zipo, nikaenda kabatini kuzitoa.